UZI: Mkulima wa China alilipia viwanda vya ujamaa, kisha akalipia soko la dunia

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa China unapozuka humu tunagawanyika. Kundi moja linasema China imeinuka kwa sababu imeshika ujamaa, jingine linasema imeinuka kwa sababu imeuacha. Wote wanatazama juu: Mao alisema nini, Deng aliyefungua uchumi baada yake alifanya nini, Xi wa leo anataka nini. Naomba leo tumtazame mkulima wa Henan, Anhui na Sichuan, na mtoto wake aliyepanda treni kwenda Guangdong kutafuta kazi. Hoja yangu ni moja: huyu ndiye aliyelipa gharama ya viwanda vya ujamaa, kisha akalipa tena China ilipoingia soko la dunia. Na ugomvi wa biashara kati ya Beijing na Washington una mzizi kwenye malipo hayo hayo.

Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Mwaka 1949 Chama cha Kikomunisti kilishika madaraka kwa nguvu ya jeshi la wakulima, na ahadi yake kubwa ilikuwa ardhi. Sheria ya mageuzi ya ardhi ya 1950 iliwanyang'anya makabaila mashamba yakagawiwa wanakijiji. Kazi hiyo ilikuwa ya damu, maana makabaila wengi waliuawa baada ya kushtakiwa hadharani mbele ya majirani zao. Kila kaya ikapewa daraja: kabaila, mkulima tajiri, mkulima wa kati, mkulima maskini, kibarua wa shamba. Daraja hilo likaandikwa na likarithiwa. Mtoto aliyezaliwa 1955, wakati familia haina tena hata kipande cha shamba la kukodisha, alikua akiitwa mtoto wa kabaila. Jina hilo liliamua kama ataingia chuo, kama ataoa, na kama atapigwa kwenye mikutano ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka maadui wa mapinduzi, ilipofika 1966. Yaani tabaka liligeuka kuwa ukoo, ndani ya nchi iliyoapa kufuta matabaka.

Ardhi yenyewe haikukaa mikononi mwa wakulima hata miaka kumi. Mwaka 1953 serikali ilijipa ukiritimba wa kununua nafaka kwa bei iliyoipanga yenyewe, tena ya chini. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kwanza wa miaka mitano, na miradi mikubwa 156 iliyosaidiwa na Wasovieti: chuma Anshan, malori Changchun, matrekta Luoyang. China haikuwa na makoloni, na nchi za Magharibi zilikuwa zimeifungia milango. Mtaji ukatolewa shambani. Mkulima anauza mpunga kwa bei ya kutupa, ananunua mbolea na nguo kwa bei ya juu, na tofauti inakwenda kujenga kiwanda. Hata madeni ya Wasovieti yalilipwa kwa sehemu kubwa kwa nafaka, nyama na madini.

Mkulima anayenyonywa namna hiyo atakimbilia mjini. Ndiyo maana Januari 1958 ikaja sheria ya uandikishaji wa kaya, hukou. Kila raia akaandikwa kuwa wa kilimo au si wa kilimo, na mtoto akafuata uandikishaji wa mama. Ukiwa wa kilimo, huna kadi ya mgao wa chakula mjini, huna nyumba, huna kazi. Baadaye mwaka huo zikaja komuni, yaani mashamba makubwa ya pamoja yaliyomeza ardhi ya kaya, na Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya Mao ya kuongeza uzalishaji kwa kasi. Viongozi wa mikoa walitangaza mavuno ya uongo, na serikali ikachukua nafaka kulingana na uongo huo. Mwaka 1959, watu wakianza kufa kwa njaa, nafaka iliendelea kuuzwa nje ya nchi. Makadirio ya waliokufa hadi 1961 yanaanzia milioni 15 na kufika 45, na wengi wa wataalamu wanataja takriban milioni 30. Wengi mno kati yao walikuwa wakulima, watu wale wale wanaolima chakula, kwa sababu miji ililishwa kwanza.

Wakati huo mfanyakazi wa kiwanda cha serikali alikuwa na kile Wachina walichokiita bakuli la chuma: kazi ya kudumu, nyumba, matibabu, shule ya watoto na pensheni, vyote kupitia kiwanda chake. Kwa hiyo ujamaa wa Mao ulikuwa na wananchi wa aina mbili, na mpaka kati yao ulikuwa karatasi ya hukou. Shikeni hapo. Karatasi hiyo haikufutwa Deng alipoingia, na humo ndimo siri ya China kuitwa karakana ya dunia.

Nondo za Jioni

Mkuu nimekusoma, lakini hapo pana swali. Kama mwanakijiji alikatazwa kwenda mjini, hawa mamia ya mamilioni waliojaa viwandani walifikaje?

Mleta uzi

Swali zuri, nilikuwa nakwenda huko.

Mwishoni mwa 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, wilaya ya Fengyang mkoani Anhui, waliweka alama za vidole kwenye mkataba wa siri wa kugawana mashamba ya pamoja kwa kaya. Waliahidiana kwamba wakifungwa, wenzao watawalelea watoto. Fengyang ilikuwa imeumizwa vibaya na ile njaa, na watu wake walizoea kutoka kwenda kuomba chakula mikoa mingine. Desemba mwaka huo huo mkutano mkuu wa Kamati Kuu ukampa Deng Xiaoping nafasi ya kubadili mwelekeo. Baada ya miaka michache kaya zilikuwa zinalima zenyewe nchi nzima, na komuni zikavunjwa. Ardhi haikuuzwa, ilibaki mali ya kijiji, kaya ikapewa haki ya kuitumia.

Kaya ikilima yenyewe, mikono inabaki. Mwanzoni mikono hiyo iliingia kwenye viwanda vidogo vya vijijini, ambavyo vilikuwa na wafanyakazi milioni 28 mwaka 1978 na milioni 135 kufikia 1996. Wengine walielekea pwani. Mwaka 1980 zilikuwa zimefunguliwa kanda maalumu za uchumi: Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen. Mtaji wa mwanzo ulitoka kwa Wachina wa Hong Kong, Taiwan na ng'ambo kuliko kwa Wamarekani au Wazungu.

Sasa angalia utaratibu wake. Mtoto wa mkulima aliruhusiwa kufanya kazi Shenzhen, lakini hukou yake ilibaki kijijini. Anahitaji kibali cha muda. Analala bweni la kiwanda, watu wanane au kumi na wawili chumba kimoja. Akiumwa, akizaa, akizeeka, huo ni mzigo wa kijiji. Kiwanda kinampokea na umri wa miaka 18, macho makali na vidole vyepesi, na kinamrudisha akichoka. Gharama ya kumlea hakikulipa, na gharama ya uzee wake hakitalipa. Ndiyo maana ujira uliweza kuwa mdogo vile kwa miaka mingi na watu bado wakaishi.

Asiyekuwa na kibali alikamatwa kama mzururaji. Mwaka 2003 kijana mhitimu wa chuo aitwaye Sun Zhigang alikamatwa Guangzhou kwa kukosa kitambulisho cha ukaazi, akapigwa hadi kufa akiwa kizuizini. Nchi ilichemka, na mwaka huo huo serikali ikafuta utaratibu ule wa kuwakamata na kuwarudisha watu makwao. Hukou yenyewe haikufutwa.

Pwani Moja

Mleta uzi nakuheshimu, lakini unachosema ni nusu. Benki ya Dunia yenyewe imekiri kwamba karibu watu milioni 800 wametoka kwenye umaskini uliokithiri China ndani ya miaka 40. Hao ni wakulima hao hao unaosema wamenyonywa. Nchi gani nyingine imefanya hivyo? Sisi huku tunalia na sera kila mwaka, wenzetu wamejenga.

Mleta uzi

Pwani Moja, takwimu hiyo naikubali na naiheshimu. Hakuna jambo kubwa kuliko hilo katika historia ya kupambana na umaskini, na anayelipuuza hajui njaa.

Lakini tuulize lilitokeaje. Hatua kubwa ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla bidhaa za China hazijajaa duniani. Mwaka 1979 serikali ilipandisha bei ya kununua nafaka kwa asilimia 20, na kwa kinachozidi kiwango kilichowekwa ikaongeza nusu nzima juu ya bei hiyo. Kaya zikapewa mashamba. Pengo kati ya mji na kijiji likapungua. Mkulima alipopunguziwa kunyonywa, aliinuka mwenyewe, tena haraka.

Pili, urithi wa enzi ya Mao una upande wake mwema, na ni haki kuutaja. Umri wa kuishi ambao 1949 ulikuwa chini ya miaka 40 ulivuka 60 kufikia miaka ya 1970. Madaktari wa miguu mitupu, yaani wanakijiji waliopewa mafunzo mafupi ya tiba, walitibu vijijini kwa dawa za bei nafuu na chanjo, watoto wa kike walijifunza kusoma. Wale wasichana waliojaa viwandani Guangdong miaka ya 1990 walijua kusoma maelekezo ya mashine. Mwekezaji hakuleta jambo hilo, alilikuta.

Na kwa kuwa mashamba hayakubinafsishwa, aliyepoteza kazi mjini alikuwa na pa kurudi. Mwishoni mwa 2008 masoko ya Marekani na Ulaya yalipoporomoka, wafanyakazi takriban milioni 20 wa kutoka vijijini walipoteza kazi China. Miji haikuwaka moto, kwa sababu walirudi nyumbani. Shamba la kijiji ndilo lililokuwa bima yao, na bima hiyo mwajiri hakuichangia hata yuani moja.

Nondo za Jioni

Na wale wa mjini wenye bakuli la chuma? Waliendelea kula?

Mleta uzi

Hawakuendelea. Na mimi sehemu hii inaniuma kuliko nyingine, kwa sababu hao ndio katiba ilikuwa inawaita tabaka linaloongoza.

Deng alizuru kusini mwaka 1992, na mwaka huo Chama kikatangaza uchumi wa soko la kijamaa. Mwaka 1997 likaja azimio la dola kushika mashirika makubwa na kuachana na madogo, likisimamiwa na Zhu Rongji, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1998. Kati ya katikati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watu takriban milioni 30 walipunguzwa kwenye viwanda vya serikali. Wilaya ya Tiexi mjini Shenyang, fahari ya mpango wa kwanza wa miaka mitano, ikawa makaburi ya viwanda. Mtu wa miaka 45 aliyeahidiwa kazi ya maisha alipewa posho kidogo, mara nyingine hata hiyo hakuipata. Wakati huo huo mameneja wengi waliuziwa viwanda vile vile kwa bei ya chini. Machi 2002 maelfu ya wafanyakazi wa Liaoyang waliingia barabarani wakidai malimbikizo na kuwashtaki wakubwa kwa ufisadi. Viongozi wao wawili walifungwa.

Weka tarehe hizi pamoja. Julai 2001 kiongozi wa Chama, Jiang Zemin, alitangaza kwamba wafanyabiashara binafsi wanaweza kuwa wanachama wa Chama. Desemba 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Miezi mitatu baadaye, Liaoyang. Chama kilimfungulia mlango mwenye kiwanda wakati mfanyakazi anatolewa nje. Mwaka 2009 China ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa bidhaa nje, na 2010 ikaipita Japani kwa ukubwa wa uchumi.

Mzigo wa Kariakoo

Niongeze nilichokiona. Mimi hufuata nguo Guangzhou. Wengi wetu tunaishia sokoni, tunapiga bei, tunapakia kontena. Safari moja nilimfuata muuzaji hadi anakoshonesha, upande wa wilaya ya Haizhu, mtaa unaitwa Kangle. Majengo yamebanana hadi jua halifiki chini. Kila ghorofa ni mashine za kushona. Mafundi karibu wote ni watu wa Hubei, analipwa kwa kipande, hana mkataba. Asubuhi waajiri wanasimama barabarani na sampuli ya nguo mkononi na bei ya kushona, mafundi wanapita wanashika, wanachunguza mshono, wanakubali au wanakataa. Nilidhani naenda kuona kiwanda, nikakuta mafundi cherehani kama wetu, tofauti wako makumi elfu pamoja na kitambaa kipo ng'ambo ya barabara. Watoto sikuwaona kabisa. Nikaambiwa wako kijijini kwa bibi.

Mleta uzi

Asante mkuu, ushuhuda huu ni dhahabu. Wengi walilisikia jina la Haizhu Novemba 2022, wakazi walipovunja vizuizi vya korona kwa sababu walifungiwa bila kipato wala chakula cha kutosha. Wengi wao walikuwa hao mafundi wa Hubei.

Kuhusu watoto, mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria watoto milioni 61 wameachwa vijijini na wazazi waliokwenda kazini. Mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa kawaida unafanyika mkoa wa hukou yako. Kwa hiyo hata mzazi akimleta mtoto mjini, ikifika sekondari ya juu wengi hulazimika kumrudisha. Tabaka linarithiwa tena, safari hii kwa njia ya shule.

Reli ya Uhuru

Wakuu, hili linatugusa zaidi ya kontena. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya Benki ya Dunia kusema haina faida na nchi za Magharibi kukataa kuigharamia. China ya wakati huo ilikuwa maskini sana. Sehemu ya gharama za huku ililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani kwetu. Baada ya hoja yako najiuliza, ile reli aliilipa nani?

Mleta uzi

Reli ya Uhuru, umeuliza swali ambalo sisi Watanzania na Wazambia tungepaswa kuliuliza siku nyingi. Makubaliano yalisainiwa Beijing Septemba 1967, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, na bajeti ya China wakati huo ilitegemea bado ile bei ya chini ya nafaka. Mkulima wa Sichuan, asiyeruhusiwa hata kuhamia Chengdu, amo ndani ya reli yetu pamoja na wale mafundi zaidi ya 60 waliofia kazini. Nadhani wanastahili shukrani ile ile tunayowapa viongozi.

Na mabadiliko ya China yanasomeka vizuri kwenye miradi yetu wenyewe. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kama msaada, mali ya umma ya Tanzania. Miaka ya 1990 kikageuzwa kampuni ya ubia, Wachina asilimia 51, sisi 49. Septemba 2024 Beijing, marais watatu walishuhudia kusainiwa kwa hati ya kuifufua TAZARA, na mpango ni kampuni ya Kichina kuiendesha kibiashara na kurudisha fedha zake. Nchi ni ile ile na chama tawala ni kile kile. Kilichobadilika ni aliyekuja mezani: zamani alikuja mjumbe wa mapinduzi anayetafuta marafiki, sasa anakuja mwenye mtaji na chuma kingi kuliko anavyoweza kukitumia kwao.

Pwani Moja

Hapo kwenye "kuliko anavyoweza kukitumia kwao" fafanua. Ndipo unapofungia ule ugomvi na Marekani?

Mleta uzi

Ndipo hapo.

Kwa nchi nyingi kubwa, matumizi ya kaya yanazidi nusu ya pato la taifa. China hayafiki asilimia 40. Wengine husema Wachina wanapenda tu kuweka akiba. Mimi sikubali. Mtu hawezi kutumia asicholipwa, na mwenye kidogo hawezi kukitumia chote kama hana uhakika wa hospitali na uzee. Mei 2020 Waziri Mkuu Li Keqiang alisema wazi mbele ya waandishi kwamba watu milioni 600 walikuwa na kipato cha takriban yuani 1,000 kwa mwezi. Kauli hiyo iliwashtua hata Wachina wa mijini.

Kiwanda kinazalisha, aliyezalisha hawezi kununua. Basi bidhaa inakwenda nje. Kwa miaka kadhaa pengo lilizibwa na ujenzi: baada ya 2008 zilitangazwa yuani trilioni 4 za kuchochea uchumi, zikajengwa reli, madaraja na maghorofa. Majengo yakageuka madeni. Evergrande, kampuni kubwa ya ujenzi wa nyumba, ikashindwa kulipa 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Mikopo ikahamishiwa viwandani, kwenye magari ya umeme, betri na sola. Mwaka 2024 China iliuza nje kuliko ilivyonunua kwa karibu dola trilioni moja. Ushuru wa Trump tangu 2018, ushuru wa Ulaya kwa magari ya umeme, malalamiko ya Brazili na Uturuki, vyote vinagonga ukuta huo huo. Mfanyakazi wa Ohio anaambiwa adui yake ni mfanyakazi wa Guangdong, na wa Guangdong anaambiwa adui ni Marekani, wakati mwenzake wa Ohio angepona zaidi kama huyu wa Guangdong angelipwa haki yake.

Nondo za Jioni

Kwa hiyo jibu la mwisho, ni ujamaa au ubepari?

Mleta uzi

Ardhi ni ya dola na vijiji, benki kubwa ni za dola, na tajiri yeyote anaweza kunyamazishwa. Novemba 2020 Jack Ma, mwanzilishi wa kampuni ya biashara mtandaoni ya Alibaba, alizuiwa kuuza hisa za Ant, kampuni yake ya malipo ya simu, siku mbili kabla ya mauzo kuanza, na Aprili iliyofuata Alibaba ikatozwa faini ya yuani bilioni 18.2. Ubepari wa kawaida haufanyi hivyo. Lakini haki ya kugoma iliondolewa kwenye katiba mwaka 1982, na chama cha wafanyakazi kinachoruhusiwa ni kimoja tu, kilicho chini ya Chama. Mwaka 2018 wafanyakazi wa kiwanda cha Jasic huko Shenzhen walijaribu kuunda tawi lao. Wanafunzi wa Umaksi kutoka Chuo Kikuu cha Peking na vingine wakaenda kuwaunga mkono wakiwa na picha za Mao. Walikamatwa. Dola inayomdhibiti bepari bila kumruhusu mfanyakazi ajisemee, mimi siiiti ujamaa, hata bendera ikiwa nyekundu kiasi gani.

Mzigo wa Kariakoo

Na yule fundi wa Hubei akizeeka?

Mleta uzi

Inategemea hukou na kama aliwahi kuchangiwa. Mstaafu wa mjini aliyekuwa na ajira rasmi anapata kwa wastani zaidi ya yuani 3,000 kwa mwezi. Mzee wa kijijini anapata takriban 200. Kodi ya kilimo ilifutwa 2006, sheria ya mikataba ya kazi ilianza 2008, na miji yenye chini ya watu milioni 3 imeagizwa kufungua uandikishaji, hayo ni mafanikio. Lakini mwaka 2024 serikali ilipopandisha kiwango cha chini cha pensheni ya vijijini, iliongeza yuani 20, kikafika 123. Kuna wachumi wa Kichina wanaodai kiongezwe mara kadhaa, na wanasema fedha zipo, kwa sababu mashirika ya dola yanaweza kuchangia kutoka kwenye faida yake. Mimi nawaunga mkono kabisa. Kizazi kilichouza mpunga kwa bei ya kutupa kingali hai, wengi wana miaka zaidi ya 70, na bado wanalima.